Msimu Niliofundisha Habari za Barnaba

Jumapili, 1 Septemba

Mchungaji amenipa somo la darasa la akina mama kwa msimu wote wa korosho, mpaka mvua zianze. "Maisha ya mtume Barnaba," amesema mbele ya kanisa zima, "na yale ambayo Mkristo wa leo anaweza kujifunza kwake. Mwalimu atakuwa Mama Brian." Nikasimama, nikainamisha kichwa kwa adabu. Ningefurahi zaidi kama baada ya hapo asingempa Helena kipaza sauti afunge kwa maombi.

Helena aliomba, wanawake wakalia. Kuna mama mmoja ambaye miaka yote niliyofundisha hajawahi hata kukohoa kwa maneno yangu. Leo alipiga magoti kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikasahau mimi mwenyewe. Kabla hajaokoka, Helena alikuwa ofisa wa ardhi. Kanisa letu la kwanza hapa Chuno, lile la miti na mabati, lilikuwa limeingia kwenye hifadhi ya barabara, na ndiye aliyekuja na tingatinga. Sheria ilikuwa upande wake, hilo nalijua. Lakini tulisali chini ya turubai masika nzima. Mwaka jana alipoingia kanisani Jumapili moja na kukaa benchi la nyuma, watu wa benchi lile wote walihama. Mimi ndiye niliyetoka mbele nikaenda kukaa naye. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamsimamisha nikasema, "Huyu dada amempokea Yesu kweli, na mimi namdhamini." Hakuna mwingine aliyethubutu.

Sasa wanamwita Mama Maombi, na mtoto hana. Mimi ni Mama Brian, kwa sababu nilimzaa Brian.

Jumatano, 4 Septemba

Upepo. Rafiki yangu Mwanahawa wa Mtawanya amepita na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, anasema korosho za kwanza zimeanza kudondoka shambani kwake. Wakati tunazungumza Helena akapita kwa pikipiki, akanipungia mkono. Nikainama kama ninayefunga kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumapili, 8 Septemba

Somo la kwanza. Nilijiandaa vizuri, maana miaka yangu ya ualimu wa shule ya msingi si bure. Niliwaeleza kwamba jina lake hasa lilikuwa Yusufu, mtu wa kisiwa cha Kipro, na mitume ndio waliompa jina la Barnaba, yaani mwana wa faraja. Aliuza shamba lake, akaleta thamani yake miguuni pa mitume kwa ajili ya wenye shida. Nikawaambia, fikirini mikorosho aliyoiacha babu yako, unaiuza yote, halafu hakuna anayeandika hata shamba lilikuwa upande gani.

Helena akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kuuliza. Baada ya kuuza, unadhani aliwahi kupita pale tena akaona linamzalia mtu mwingine? Alijisikiaje?"

Darasa likawaka moto. Huyu akasema alimsomesha mdogo wake naye sasa hapokei simu. Yule akasema alimwachia mwenzake kiti cha uenyekiti wa vikoba. Tulimaliza saa ya kupika ikiwa imepita. Mlangoni wakaniambia, "Mwalimu, leo darasa lilikuwa tamu." Lilikuwa tamu kwa swali la nani?



Jumamosi, 14 Septemba

Nimefua mapazia. Mume wangu Josephu haonekani nyumbani, bandarini wanajiandaa kwa meli za korosho.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nilikuwa juu. Somo lilikuwa Barnaba kumchukua Sauli na kumpeleka kwa mitume. Wote walikuwa wanamwogopa, maana alikuwa amewatesa, nao hawakuamini kwamba amebadilika. Barnaba hakungoja apate uhakika ambao wengine hawakuwa nao. Alimsikiliza, akamwamini, akasimama naye mbele ya watu na jina lake mwenyewe likiwa rehani. Nilisema Mkristo hapaswi kuhama benchi. Niliposema hivyo wanawake wote walinigeukia kwa macho laini, kisha wakamgeukia Helena, naye alikuwa anafuta machozi.

Nilikaa chini kama bibi harusi.

Baada ya ibada Mama Mchungaji akanivuta pembeni. "Mama Brian, ile safari ya kuwatembelea akina mama wa Msimbati tumeipanga mwisho wa wiki. Dada Helena ataongoza. Wewe utamsaidia, si ndiyo? Wewe ndiye uliyemlea."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Nimekula wali mkavu, sikutaka hata kuwasha jiko la mchuzi.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumerudi jana. Nimerudi kutoka shuleni sasa hivi, nimefunga mlango, nataka kuandika yote.

Tulikwenda wanne kwa Noah, gari la kanisa: Helena, mimi, Lucy fundi cherehani, na dereva. Lucy ni mwanamke kijana wa kanisa letu, anaishi peke yake nyuma ya soko, sauti yake ya maombi ni ndogo lakini ikikuingia haitoki. Barabara ya Msimbati ni mchanga mtupu baada ya Madimba, tukashuka mara kadhaa kusukuma. Tulifikia kwa Zawadi, mama muuza samaki, ambaye uani kwake hukutana akina mama Wakristo wachache wa pale. Wengi ni wake za watu waliokuja kufanya kazi kwenye visima vya gesi, wamekaa kijijini kwa Waislamu kwa amani kabisa, ila hawana wa kuwafundisha.

Jumamosi asubuhi Helena alifundisha. Sitaandika alifundisha nini. Walikuja hata wasiokuwa Wakristo, wakakaa ukutani kusikiliza.

Akaingia mwanamke mdogo aliyekuwa amezika mtoto wake mchanga wiki ileile, maziwa bado yanamlowesha gauni. Helena akasema, "Lucy, njoo umwombee mwenzako." Lucy akaja, akanyoosha mkono, akauweka kichwani kwake. Kisha akauondoa. Akageuka, akatoka nje. Tulidhani amekwenda kujisaidia. Mchana ndipo tulipoambiwa amepanda pikipiki amerudi mjini, hata begi ameliacha.

Helena alikasirika. "Amemwacha yule mama ameinamisha kichwa, anangoja mkono. Anangoja! Huyo simchukui tena popote." Kisha akapiga magoti yeye mwenyewe kwenye mchanga, akamkumbatia yule mwanamke, gauni lake likalowa maziwa.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Kama ingekuwa maigizo ningepata mahali pa kushika.

Alasiri nilikaa na Zawadi tunapara samaki. Zawadi akasema, "Huyu dada Helena mmemtoa wapi? Mungu kampa jamani. Tumemwomba awe anakuja kila wiki." Akanitazama. "Na wewe, mama, huwa unafundisha pia?"

Nikasema, "Kidogo kidogo." Kisha nikasema, "Huyu dada tumwombee sana. Ametoka mbali."

"Mbali wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na neno maombi na nikamaliza na neno maombi, lakini katikati nilimweleza tingatinga, mabati, turubai, watoto waliolowa. Kisu cha Zawadi kikasimama. Hapo ndipo aliponieleza kwamba yeye na marehemu mume wake walikuwa na kibanda cha chakula Dar es Salaam, kikachorwa alama nyekundu ya X, kikavunjwa sufuria zikiwa jikoni, na mume wake hakuinuka tena baada ya hapo.

"Na huyu alisimama pale mwenyewe?"

"Mwenyewe," nikasema. "Na miwani yake ya jua."

Miwani niliiongeza mimi. Siku ile palikuwa na mawingu.

"Ila usimwambie mtu," nikamwambia. "Ni kwa maombi tu."

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Brian amepiga simu kutoka bwenini, anataka viatu. Sina hamu ya kula.

Jumapili, 6 Oktoba

Somo: Barnaba anatumwa Antiokia kuangalia kazi ambayo hakuianzisha yeye. Akafika, akaona neema ya Mungu ikitenda kazi kupitia watu wengine, akafurahi. Hapo pa kufurahi nilisoma haraka nikapita. Mama mmoja akaomba nirudie. Nikarudia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Helena alikwenda Msimbati jana. Leo nimetoka shuleni nikamkuta amekaa barazani kwangu, hakuningoja ndani ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Mama Brian, Zawadi amenifungia mlango."

"Amekufungiaje?"

"Amefunga, basi. Nimebisha, akatoka mtoto wa jirani akasema mama amesema hakuna ibada. Wale akina mama wengine wananipita njiani kama mti. Aliyenisalimia ni mmoja tu, yule aliyezika mtoto. Akaniambia wanasema mimi ni mvunja nyumba za wajane." Alinitazama moja kwa moja. "Msimbati hakuna aliyekuwa anajua. Nani kawaambia?"

Nilikuwa nimeshika madaftari ya watoto. Nikayahamishia mkono mwingine.

"Mambo husambaa," nikasema. "Labda dereva."

Akakubali kwa kichwa polepole. Dereva ni mzee mpole ambaye hata jina la mke wake halitaji mbele za watu. Helena akasema, "Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ile. Nimekuja kwako kwa sababu sina pengine pa kwenda." Akanywa maji, akaondoka.

Nilidhani ningejisikia vizuri akianguka. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri kweli, na ndiyo maana nimekaa hapa naandika badala ya kupika.

Jumapili, 13 Oktoba

Somo: Barnaba anakwenda Tarso kumtafuta Sauli ili wafanye kazi pamoja. Mwanzoni habari zinasema Barnaba na Sauli. Baadaye, bila mtu kueleza sababu, zinaanza kusema Paulo na Barnaba. Nilikuwa nimeandaa kusema kwamba Barnaba hakulalamika hata mara moja. Nikafika hapo, nikafunga Biblia. Nikawaambia nina mafua, tukafunga mapema. Helena hakuja.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilimpelekea Lucy gauni la kupunguza. Hakuwa amekanyaga kanisani tangu Msimbati. Alichukua gauni, akalikunja, akalikunjua, kisha akasema bila kuniangalia, "Mama, na mimi nilizika. Mwezi wa tatu, mtoto wa kike. Nilikwenda kujifungulia kwa bibi yangu Newala, huku hakuna aliyejua. Nilipomwekea yule mama mkono, niliona kama naweka mkono kwenye kichwa changu. Nikakimbia."

Nikamshika. Tulilia juu ya cherehani.

"Nimwambie Helena?" nikauliza.

"Hapana, mama. Naomba. Nitasema mwenyewe nikiweza."

Jumapili, 20 Oktoba

Kikao cha akina mama baada ya ibada. Mama Mchungaji alitaka kujua Lucy arudi kwenye huduma ya kutembelea watu au la. Helena akasema hapana. Alisema kwa upole lakini hakurudi nyuma. "Mtu anayekimbia katikati ya kilio cha mwenzake atamuumiza mwingine tena. Siyo chuki. Kazi hii inamtaka mtu anayebaki."

Nikasimama. Nilisema kwa ukali ambao sijawahi kuutumia mbele ya watu. Nilisema Lucy apewe nafasi ya pili, nilisema wengine humu walipewa nafasi ya pili wakiwa wamefanya makubwa kuliko kukimbia. Wote walijua nimemsema nani. Helena akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nimemweleza Josephu wakati wa chakula cha mchana. Nilimweleza kama mtu anayesimulia ushindi. Alikuwa amechoka, vumbi la magunia bado liko kwenye nyusi zake. Akauliza, "Sasa Mama Brian, ulikuwa unamtetea Lucy au ulikuwa unampiga Helena?"

"Vyote viwili vinawezekana," nikasema.

"Eeh," akasema, akaendelea kula.

Jumatatu, 28 Oktoba

Darasa la jana tulikuwa wachache, hata mkeka mmoja ulitutosha. Mawingu yanakuja, yanaondoka.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda Mtawanya kumsaidia Mwanahawa kuokota korosho. Shamba lote linanuka mabibo yaliyooza, nzi wamejaa. Tunanyofoa korosho, mabibo tunatupa. Mwenzake, yaani mke mdogo, alikuwa upande wa pili wa shamba anaimba.

Mwanahawa akaniuliza, "Mama Burayani, umekonda. Unaumwa?"

"Tumbo tu."

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Tumbo! Mie nilipoletewa yule pale, nilisema nina tumbo. Nikanywa mizizi, nikanywa vidonge vya hospitali, nikapelekwa mpaka Ndanda. Mwaka mzima tumbo. Daktari kapima weee, hakuna kitu. Siku moja bibi yangu kaniuliza, huyo tumbo ana jina? Nikamtaja jina lake: Nasra!" Akaonyesha kwa kidole upande wa wimbo. "Nilipomtaja ndipo nikaweza kula. Sikusema nilimpenda. Nilikula tu. Wako anaitwa nani?"

Nilinyofoa korosho kadhaa kwanza.

"Helena," nikasema.

"Amekuchukulia mume?"

"Hapana."

"Sasa kakuchukulia nini?"

Nilijaribu kumweleza. Kwa Mwislamu, shambani, katikati ya nzi, nilijaribu kueleza kwamba kuna mtu niliyemleta mimi na sasa watu wanampenda kuliko wanavyonipenda. Nilipojisikia nikilisema kwa sauti, lilikuwa dogo sana, na bado lilikuwa linauma. Kisha nikamweleza na la Zawadi. Mwanahawa aliacha kucheka.

"Hilo siyo tumbo tena," akasema. "Hilo kaliondoe."

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda kwa Helena baada ya vipindi. Nilimkuta anaanika nguo. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa maana nilijua nikikaa nitaanza na habari za hali ya hewa.

"Siyo dereva. Ni mimi niliyemwambia Zawadi. Nilimwambia kwa makusudi, kwa wivu. Na miwani ya jua nikaongeza."

Alikuwa ameshika shuka. Akaendelea kulinyoosha kwenye kamba, akabana kibanio kimoja, akabana kingine. Akapita nyuma ya shuka lile nisimwone uso.

"Miwani gani?" akauliza kutoka kule nyuma.

"Nilisema ulivaa miwani ya jua siku mnavunja."

"Sikuvaa."

"Najua."

Kisha akasema, "Usiniombe msamaha mimi hapa uani, ambapo hakuna anayetusikia. Msimbati walisikia. Nenda kawaambie wao. Na mimi nitakuwepo."

Jumapili, 10 Novemba

Jana tulikwenda. Zawadi aliona ni mimi, akafungua. Alipomwona Helena nyuma yangu, mkono wake ukabaki kwenye komeo. Nikamwomba awaite wenzake. Walikuja, wakasimama uani, hakuna aliyekaa.

Nikawaambia mimi ndiye niliyeleta habari ile, na kwamba niliileta ikiwa imevaa nguo za maombi lakini ndani yake ulikuwa wivu.

Zawadi akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa uongo?"

"Miwani ilikuwa uongo. Mengine ni kweli. Nilisema kweli ili nimwangushe."

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea, niwaeleze Helena amekuwa mtu wa namna gani tangu aokoke. Nilitaka kumdhamini mara ya pili. Lakini Helena alinigusa bega nikae kimya, akasogea mbele.

"Kanisa lao nililivunja mimi," akasema. "Sheria iliniruhusu, lakini haikunilazimisha nifurahi, na mimi nilifurahi. Nilipenda kuona watu wazima wananiogopa. Mama Zawadi, kibanda chako sikukivunja mimi. Lakini kama ningekuwa Dar siku ile, ningekivunja, na sufuria zako nisingeziangalia. Kama hutaki niingie kwako, una haki. Nilitaka usikie kwangu."

Zawadi alimtazama muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika. Nyuma yake sufuria likaanza kunuka. Akageuka ghafla, akasema, "Samaki anaungua. Ingia basi, njoo unishikie mfuniko."

Helena akaingia. Wanawake wakaingia nyuma yake, mmoja mmoja, wakimgusa mgongo. Mimi nilibaki uani na kuku. Baadaye mmoja alikumbuka kuniletea kigoda.

Niseme ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilikwenda kumwinua, na wakampenda kuliko mwanzo. Nilikaa kwenye kile kigoda nikisikia wanavyocheka naye jikoni, na wivu ulikuwepo palepale, haujapungua hata kidogo. Tofauti ni kwamba safari hii nilikaa nao nisifanye kitu.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Madimba, Helena akasema, "Nimekusamehe. Sikudanganyi. Lakini Msimbati nitakwenda bila wewe. Nikikuona pembeni yangu nitakuwa najiuliza unasema nini nikigeuka."

"Na Lucy?"

"Lucy hapana. Hilo nililisema kabla ya haya yote na bado nalisema."

"Basi mimi nitakwenda na Lucy mahali pengine."

"Nenda naye," akasema. Tukashuka kwenye gari bila kupeana mikono.

Leo darasani, sikuchagua mimi, ndivyo masomo yalivyojipanga, ilikuwa habari ya Barnaba na Paulo kugombana. Yohana Marko aliwakimbia katikati ya safari, Barnaba akataka kumchukua tena, Paulo akakataa, wakachukizana hata wakatengana. Mama mmoja akauliza nani alikuwa na haki. Zamani ningekuwa na jibu. Nilisema, "Paulo aliwaza juu ya kazi, Barnaba aliwaza juu ya mtu. Mimi nadhani vyote vilihitajika. Na nadhani Barnaba naye, baada ya kuwa wa pili miaka yote ile, huenda hakugombana kwa ajili ya Marko peke yake. Hayo hayakuandikwa, nasema mimi. Lakini akapanda na Marko merikebuni, na Marko hakukimbia tena. Mungu alimtumia Barnaba na moyo wake kama ulivyokuwa siku ile." Nikawaambia tena kwamba baada ya hapo habari zinamfuata Paulo, na Barnaba hatajwi tena akifanya lolote. Anaingia merikebuni, basi.

Mama yule wa kitenge kipya alikohoa. Sijui kama ni vumbi.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeanza kwenda Mtawanya na Lucy kila Jumamosi, kwa familia chache za walimu wenzangu. Jana aliomba na mama mmoja mgonjwa. Mkono wake haukuondoka.

Jumatano, 27 Novemba

Manyunyu. Korosho za mwisho zimelowa, Mwanahawa amekasirika na mbingu.

Jumapili, 1 Desemba

Lucy amekuwa kama binti yangu. Anakuja kula kwetu, anamcheka Josephu anavyokoroma kwenye kiti. Mtawanya wanauliza, "Lucy anakuja lini?" Mimi nafurahi, kwa maana anayewajibu ni mimi.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Lucy ameniambia kwamba Jumapili alikwenda kwa Helena peke yake, akamweleza habari ya mtoto wake. Nikauliza Helena alisema nini. "Hakusema, mama. Aliniuliza jina lake, nikamtajia. Akalirudia."

Mimi sikuwahi kumuuliza jina.

Alhamisi, 12 Desemba

Asubuhi Helena amenitumia ujumbe wa sauti. "Mama Brian, Bwana asifiwe. Nina shida na Lucy. Huku Msimbati yule mama aliyezika siku hizi hatoki kitandani, na yupo mwingine amezika tena juzi. Mimi nawaombea lakini sifiki walipo. Lucy anajua njia ya huko. Zawadi atampa chumba na mahali pa kuweka cherehani. Nilikosea juu yake. Simu yake haipatikani. Naomba umwambie."

Niliusikiliza zaidi ya mara moja. Kisha nikafagia, nikachambua mchele, nikajiambia Lucy ana nguo za sikukuu za watu, hawezi kuondoka sasa. Nikajiambia Mtawanya wanamhitaji. Nikajiambia barabara ni mbaya. Helena alimkataa mbele ya watu, mimi nikamwokota, nikamlisha, nikamsimamisha. Na sasa amekuwa mtu, anamtaka. Anachukua hata huyu.

Mchele ulikuwa umechambuliwa hadi hauna cha kuchambua. Nikachukua mwavuli, nikaenda nyuma ya soko, nikamwekea Lucy ile sauti asikilize mwenyewe, ili nisije nikaipunguza.

Alisikiliza akiwa ameziba mdomo. "Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi nasema usiende," nikamwambia. "Kwa hiyo usinisikilize. Nenda."

Jumamosi, 14 Desemba

Helena alikuja mwenyewe na Noah kumchukua. Tope lilikuwa hadi kwenye kifundo cha mguu, gari halikuweza kufika mlangoni kwa Lucy. Lucy alibeba begi na vitambaa. Cherehani ikabaki kwetu sisi wawili, mimi na Helena.

"Shika upande wako," akasema.

Tukainua. Ile meza ya chuma ni nzito kama dhambi. Tulikwenda kwa hatua ndogo, tukitazamana kwa lazima, maana kila mmoja alikuwa amemwelekea mwenzake, mimi nikirudi kinyumenyume.

"Lucy amenisimulia habari za Mtawanya," akasema Helena. "Ameniambia mmefanya kazi nzuri kule."

"Tumejaribu."

Mvua ikaanza tena.

"Barnaba mmemaliza?"

"Amekwisha. Hakuna zaidi kilichoandikwa."

"Na muhula ujao Mchungaji amekupa somo gani?"

Sikutaka kusema. Nikatazama tope. "Maisha ya mtume Paulo," nikasema.

Helena akasimama. Akanitazama, mvua ikimtiririka puani. Nadhani alikuwa anajizuia kwa heshima, na angeweza kujizuia, lakini mimi ndiye niliyeanza kucheka. Naye akacheka mpaka akaachia upande wake, cherehani ikazama kwenye tope, na Lucy akatoka garini mbio akipiga kelele kwamba tutaivunja.